Sura ya Sita: Jiko Linalostahimili Bizari

Katika nyumba za mawe za Lamu, jiko lilikaa juu kabisa, ghorofa ya mwisho, chini ya paa la makuti. Waliojenga hivyo walikuwa na sababu zao. Moshi na joto hupanda, kwa hiyo wakavipa njia ya kutokea bila kupita vyumbani. Kwingineko, mijini na vijijini, jiko lilipelekwa uani, kwenye kibanda cha pembeni, na ukuta wake ukaachwa uwe mweusi kwa masizi. Hakuna aliyesumbuka kuupaka rangi. Mgeni alikaribishwa sebuleni, na jikoni palibaki pa wapishi.

Gesi imeupindua mpango huo. Mtungi na jiko la meko mawili havihitaji kibanda wala bomba la moshi, na mpishi sasa anapika hatua chache tu kutoka kwenye makochi. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Hata bila takwimu za serikali mabadiliko yanaonekana kwa macho: stoo inabomolewa ukuta, korido inapanuliwa, chumba cha watoto kinahamishwa ili jiko liingie ndani. Likishaingia ndani linaonekana, na likionekana mwenye nyumba anataka lipendeze.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Picha tunazozitazama kwenye simu tukitafuta mawazo zimepigwa katika majiko ya watu wanaopika vyakula vingine, kwa namna nyingine. Jiko letu hukaanga samaki, huunga mchuzi wa nazi, husonga ugali, hukamua ukwaju, huchemsha maharage tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nimeingia katika majiko mapya yaliyochakaa kabla hata deni la ujenzi halijaisha: kabati zimevimba miguuni, mistari ya vigae imekuwa ya manjano, kaunta ina mabaka. Fundi alikuwa amefanya kazi safi. Tatizo ni kwamba vitu vilichaguliwa kwa macho peke yake. Ninachokishikilia katika sura hii ni kwamba kila kinachowekwa jikoni, kuanzia jiwe la kaunta hadi bawaba ya mlango wa kabati, kipimwe kwanza kwa chakula kinachopikwa humo. Rangi na mtindo vifuate.

Wazo la kulipima jiko kwa kazi yake lina historia nzuri, na kipande cha historia hiyo kinatuhusu. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Vienna, alichora jiko kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu zilizokuwa zikijengwa Frankfurt, Ujerumani. Chumba chake kilikuwa na upana usiofika mita 2 na urefu wa karibu mita tatu na nusu. Alichunguza hatua anazopiga mpishi kutoka mekoni hadi kwenye sinki, kutoka kwenye sinki hadi kabatini, akazipunguza moja baada ya nyingine. Majiko takriban 10,000 ya aina hiyo yalijengwa. Kabati zake zilipakwa bluu kwa sababu watu wa wakati ule waliamini kwamba nzi huikwepa rangi hiyo. Aliyesimamia mradi mzima, Ernst May, baadaye alishindwa kurudi Ujerumani ya Wanazi, akahamia Tanganyika mwaka 1934 akawa mkulima, kisha akaenda Nairobi na kuirudia kazi yake ya usanifu. Hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilikuwa mojawapo ya kazi zake.

Nawaheshimu watu hao kwa kuichukulia kazi ya mpishi kuwa kazi ya kweli, inayostahili kupimwa kwa rula. Lakini vipimo vilivyotokana na fikra hiyo vilikuwa vya chakula chao. Kaunta ya sentimita 90 unayouziwa leo karibu kila mahali inafaa kukatia mboga ukiwa umesimama wima. Kwa kusonga ugali ni mateso. Ugali wa familia ya watu saba unataka mikono ikiwa imenyooka kuelekea chini, bega likisukuma mwiko, na sufuria ikae usawa wa nyonga. Ukiweka jiko la gesi juu ya kaunta ya sentimita 90, kisha sufuria juu ya jiko hilo, mpishi anasonga akiwa ameinua viwiko, na baada ya mwezi analalamikia mabega. Mwambie fundi aishushe sehemu ya meko kwa sentimita 15 au 20 kuliko kaunta nyingine. Ni kazi ndogo wakati wa kujenga, na karibu haiwezekani baadaye. Vilevile acha nafasi ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa anayekuna mwenyewe, na ya kinu. Kinu kinataka sehemu ya sakafu isiyo na vigae, ya saruji ngumu iliyosuguliwa vizuri, kwa sababu kigae kilichowekwa juu ya uwazi hata wa sentimita moja kitapasuka mchi ukianza kazi.

Sasa kaunta yenyewe. Dukani utaonyeshwa marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, na kwa uzuri wa macho sijui jiwe linaloishinda. Ila marumaru ni kalsiamu kaboneti, ndugu wa chokaa na matumbawe, na kitu hicho hakipatani na asidi. Tone la ndimu likikaa juu yake dakika chache hula uso uliong'arishwa na kuacha baka lililofifia. Baka hilo halitoki kwa kufutwa, maana si uchafu: jiwe lenyewe limeliwa. Sasa zihesabu asidi za jiko la pwani. Kuna ndimu kwenye samaki, ukwaju kwenye mchuzi, siki kwenye achari, embe mbichi kwenye kachumbari, na nyanya kila siku ya Mungu. Anayeipenda marumaru aiweke kwenye meza ya sebuleni.

Graniti ina tabia nyingine. Sehemu yake kubwa ni madini magumu ambayo ndimu haiyawezi. Udhaifu wake ni vitundu vidogo visivyoonekana, vinavyonyonya mafuta na maji. Kabla hujalipa, omba kipande cha jiwe lile lile unalotaka kununua. Dondoshea maji upande mmoja na ndimu upande mwingine, kisha ongea na muuzaji kwa robo saa. Maji yakiacha alama iliyokoza, jiwe linakunywa, na litahitaji kupakwa dawa ya kuziba vitundu mara litakapofungwa, na kupakwa tena kila alama hiyo inaporudi. Ndimu ikiacha baka lililofifia, basi ulichoonyeshwa si graniti, hata kama kibao cha dukani kinasema hivyo. Graniti nyeusi nyingi zimeshikana zaidi na hunywa kidogo, na kwa jiko linalokaanga sana ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Inaonyesha chembe za unga na alama za maji, ni kweli, lakini hizo zinafutika.

Siku hizi kuna pia kwatzi ya kiwandani, yaani unga wa jiwe uliogandishwa kwa gundi. Bizari haizami ndani yake kirahisi na haihitaji kuzibwa. Haivumilii sufuria iliyotoka motoni moja kwa moja, kwa sababu gundi huungua na kuacha doa la kudumu, hivyo lazima uwe na vikalio vya sufuria na uvitumie kila mara. Kuna jambo zito zaidi la kusema. Vumbi la jiwe hili lina silika nyingi mno, na mafundi wanaolikata likiwa kavu hupata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiotibika. Australia ililipiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024 kwa sababu hiyo hiyo. Ukilichagua, likatwe karakana kwa mashine inayomwaga maji, na fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Graniti nayo hutoa silika, ingawa kidogo kuliko hiyo, kwa hiyo sharti ni lile lile. Usikubali jiwe lolote likatwe kavu nyumbani kwako huku watoto wakitazama. Jiko zuri halina thamani ya pafu la mtu.

Kabla hujanunua jiwe lolote, chunguza ulichonacho. Nyumba na fleti nyingi za zamani za Nairobi na Mombasa zina sakafu ya terazo, na nyingine zina hata kaunta ya terazo, zimefunikwa na nta nyeusi ya miaka mingi au zimebandikwa kapeti la plastiki. Fundi mwenye mashine ya kusugua na mawe ya almasi anaweza kuiondoa tabaka ya juu, milimita moja au mbili, na chini yake vipande vya mawe vikatokea vikiwa vipya kabisa. Ni vigumu kueleza furaha ya mwenye nyumba anapoona rangi ambazo bibi yake alizichagua zikirudi. Terazo ya saruji nayo inaogopa asidi, kwa hiyo ikishasuguliwa izibwe kwa dawa yake, na ndimu zikatiwe kwenye ubao. Linganisha gharama hiyo na ya kubomoa, kubeba kifusi, kununua vigae na kuvipandisha ghorofani, kisha uamue.

Bizari inastahili maneno yake peke yake. Rangi ya manjano ya bizari hushika chochote chenye vitundu: saruji, plastiki nyeupe, mbao ambazo hazijapakwa kitu, na hasa mistari ya katikati ya vigae. Kigae kizuri hakidhuriki. Kinachoharibika ni ile grauti nyeupe ya saruji nyuma ya meko, na ndiyo inayofanya ukuta mzima uonekane mchafu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutumia grauti ya epoksi mahali pale tu, mita mbili za mraba nyuma ya meko na sinki, ingawa ni ghali na huganda haraka kiasi kwamba fundi asiyeizoea atakuharibia vigae. Ya pili ni kuchagua grauti ya kijivu kilichoiva au rangi ya udongo tangu mwanzo, na vigae vikubwa ili mistari iwe michache. Na doa likishaingia, usikimbilie kusugua kwa brashi ya chuma. Rangi ya bizari huvunjwa na mwanga wa jua. Ubao wa kukatia au bakuli la plastiki lililogeuka manjano, lianike juani siku moja au mbili na utaona linavyofifia lenyewe.

Tukija kwenye kuta, karibu kila kosa hufanyika kabla ya kopo la rangi kufunguliwa. Ukuta uliopikiwa mkaa kwa miaka umefunikwa na masizi yaliyochanganyika na mafuta. Ukipaka rangi ya maji juu yake, kwa wiki mbili unaonekana safi, kisha mabaka ya kahawia yanachomoza, na rangi inaanza kutoka kama maganda ya kitunguu. Ukuta huo uoshwe kwanza kwa maji ya moto, sabuni na magadi ya kufulia, kuanzia chini kwenda juu ili michirizi isikauke ukutani, usuuzwe, ukauke. Kisha ipakwe praima ya kuziba madoa, na juu yake ndipo ije rangi. Fundi mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, hii rangi ni nzito, haihitaji praima." Alikuwa kijana mwema na alitaka kunipunguzia gharama. Nilimjibu, "Mwanangu, rangi nzito inaziba kwa macho tu, mafuta yatapita." Tukakubaliana ajaribu kipande kidogo nyuma ya mlango bila praima. Mabaka yalitokea kabla hajamaliza upande wa pili wa chumba.

Ukuta mpya una hatari nyingine. Lipu ya saruji mbichi ina ualkali mkali. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake mapema, mafuta yale hukutana na ualkali na kugeuka sabuni, kwa kanuni ile ile inayotumika kutengeneza sabuni ya mche. Utaona uso wenye kunata, unaochuruzika, usiokauka. Ipe lipu wiki nne ikauke, na msimu wa masika iongezee muda. Najua mwenye nyumba anayelipa kodi kwingine huku ujenzi ukiendelea hapendi ushauri huu. Bado ni nafuu kuliko kukwangua.

Pwani kuna chumvi pia. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa bahari, au isiyo na kizuizi cha unyevu kwenye msingi, hutoa unga mweupe ukutani, chini chini, hadi kimo cha goti. Unga huo ni chumvi inayovutwa na maji kutoka chini na kubaki juu maji yanapokauka. Kuufunika kwa vigae au rangi ya mafuta ni kuuhamisha tu: utapanda juu zaidi na kutokea palipo wazi. Kwanza zuia maji, rekebisha mfereji, ondoa udongo wa nje uliolala ukutani, kwangua lipu iliyooza. Kwa kuta za zamani za mawe ya matumbawe, lipu ya chokaa ndiyo inayofaa, kwa sababu inaruhusu unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Watu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua hili vizuri kuliko vitabu.

Kuhusu aina ya rangi, jikoni weka ya silki au ya kung'aa kidogo, inayovumilia kitambaa chenye maji. Ile isiyong'aa inapendeza siku ya kwanza, lakini kila mkono unaopita huacha alama. Nyeupe ya mafuta hugeuka manjano, hasa mahali pasipofika mwanga, kwa hiyo milango ya kabati iliyo kivulini ipakwe rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao. Na kama nyumba ni ya zamani na milango ina tabaka za rangi za miaka mingi, usiipige msasa kavu. Rangi za zamani za mafuta mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi mpya ni sehemu 90 kwa milioni. Lowesha, sugua kwa msasa wa maji, kusanya matope yake, watoto walale kwa shangazi siku hizo.

Kabati ndizo zinazokula fedha nyingi kuliko yote, na mara nyingi hazihitaji kubadilishwa. Fungua milango, gonga mbao za ubavuni. Kama ni mninga, mkongo, mvule au mtiki, una mali ambayo leo huwezi kuinunua kwa bei uliyoizoea. Mbao hizo mchwa huzipitia mbali na maji hayazitishi. Zinataka kukwanguliwa vanishi ya zamani, kupigwa msasa na kupakwa upya, pamoja na bawaba na vishikio vipya. Seremala wa Keko au wa mtaani kwako ataimaliza kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya gharama ya kabati jipya. Kama ni MDF, angalia miguuni. MDF ni unga wa mbao na gundi, na adui yake mkubwa ni namna tunavyosafisha. Sisi hupiga deki. Maji yanamwagwa, yanasukumwa, yanaingia chini ya kabati na kukaa. Ukingo wa MDF ukishayanywa huvimba na haurudi. Kwa hiyo kabati la jikoni lisimame juu ya kitako cha zege kilichopigwa vigae, au juu ya miguu ya plastiki ya sentimita 10 hadi 15 ambayo ufagio na maji vinapita chini yake. Ubavu wa kabati la sinki uwe wa marini bodi au mbao halisi, hata kama mengine yote ni MDF. Paini ya Mufindi ni nzuri na ya bei nafuu, ilimradi imekaushwa na kuwekwa dawa.

Mtungi wa gesi ukifichwa ndani ya kabati, kuna tundu ambalo mapambo yote lazima yaliheshimu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini na kutuama kama maji, na kabati lililofungwa vizuri huikusanya hadi cheche ya swichi ya friji iiwashe. Toboa matundu chini kabisa ya mlango na nyuma ya kabati, mahali ambapo hewa inatoka nje ya nyumba. Bora zaidi, mtungi ukae nje ya ukuta kwenye kizimba chenye kivuli na mpira wake upitishwe ukutani kwa bomba. Seremala anayekwambia matundu yataharibu urembo, mwombe achonge nakshi yenye uwazi, kama zile za juu ya milango ya pwani. Hewa itapita, na mlango utapendeza kuliko ulivyokuwa.

Kwenye vyuma, hewa ya bahari haina huruma. Bawaba za bei ya chini zilizopakwa rangi ya fedha hupata kutu Tanga na Mombasa kabla ya mwaka kuisha. Sinki ya stenlesi itafute iliyogongwa muhuri wa 304 au 18/8, namba zinazoonyesha kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Kama nyumba inaiona bahari, 316 ni imara zaidi. Hata hiyo, usiiache sinki na maji ya klorini usiku kucha. Klorini hutoboa vitundu vidogo vidogo, na kutu huanzia hapo.

Mwanga wengi huuacha mwisho, wakati mafundi umeme wameshaondoka. Taa moja katikati ya dari humfanya mpishi akatie vitunguu kwenye kivuli chake mwenyewe. Weka taa ndefu nyembamba za LED chini ya kabati za juu, upande wa mbele, na soma kasha: 4000K kwa sehemu ya kazi, 3000K kwa sehemu ya kulia chakula ikiwa ni chumba kimoja. Taa za 6500K zinazojaa madukani hufanya nyama na mchuzi vionekane kama vya hospitali. Angalia pia alama ya Ra au CRI. Ikiwa 90 au zaidi, utaona jicho la samaki lilivyo kweli, na kama nyama imeanza kubadilika utajua kabla ya pua kukwambia.

Rangi ya kuta ichaguliwe baada ya taa kuwashwa, kamwe si dukani. Paka ubao wa nusu mita kwa nusu mita, usogeze ukutani asubuhi, adhuhuri na usiku. Jua letu la adhuhuri ni kali, na nyeupe tupu huumiza macho. Rangi ya maziwa, kijani kilichofifia cha jani la mgomba lililokauka kidogo, rangi ya udongo wa chungu, hizi hutulia. Bluu ya Frankfurt nayo inapendeza sana karibu na mbao za mninga, ingawa nzi hawataijali. Mimi huwa napenda rangi nzito iwe chini, kwenye kabati za sakafuni zinazopigwa na magoti na ndoo, na nyepesi juu.

Na kama kuna ukuta mnene usio na kazi, chimba zidaka. Vyumba vya ndani vya Lamu vilijaa vishubaka hivyo vya lipu ya chokaa, vikiwa vimebeba bakuli za kauri zilizoletwa na majahazi. Jikoni vinabeba vikopo vya viungo, chupa za mafuta na birika la kahawa bila kula nafasi ya kaunta. Usivichimbe kwenye ukuta unaobeba ghorofa bila kumuuliza mhandisi, na usivichimbe jirani na meko, kwa kuwa viungo vikipata joto hupoteza harufu. Kina cha sentimita 12 kinatosha. Ndani yake lipu isuguliwe hadi iwe laini, izibwe kwa sabuni ya asili au dawa ya chokaa, na ukingo wa chini uinamishwe kidogo kuelekea mbele ili maji ya kufutia yasituame.

Kazi ya mwisho ni mstari wa silikoni pale kaunta inapokutana na ukuta. Iwe ile yenye dawa ya kuvu, ipakwe kwenye uso uliokauka kabisa na kufutwa kwa spiriti, fundi ailainishe kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni, kisha bomba la sinki lifungwe saa 24. Siku hiyo chakula kipikwe kwa jirani.